Dada Yangu Hauzwi

Ghorofa ya pili, mlango wa kijani,
Nyuma ya kiwanda cha mashati.
Alhamisi, baada ya chai ya jioni.

Mpendwa Dada,

Pokea salamu zangu kwanza, wala usiruke mistari kutafuta jina la Chiriku wako, maana nakujua. Tulia usome kwa mpangilio. Hujambo? Lile goti bado linagoma ukipanda ngazi za wodini? Na Mama je, masikio yake yamepata nafuu, au bado anasikia yale anayoyataka tu? Sisi huku wazima. Wifi yako amenenepa kidogo na amenikataza kuliandika hilo. Mimi pia sijambo, ila shingo imekakamaa kwa sababu ya kutazama kuta, na hiyo ndiyo habari yenyewe.

Naandika barua kwa kuwa kwenye simu hunipi nafasi ya kumaliza sentensi, na jambo hili lina sentensi nyingi.

Uliniagiza. Sisemi uliniomba, kwa sababu tangu tuzaliwe hujawahi kuniomba kitu. Uliniagiza niende kumwona binti yako kwa macho yangu, nipime hiyo michoro inayomfanya aikatae kazi uliyomtafutia kwenye bohari ya dawa hospitalini kwenu. Nikiona ni upuuzi, nimpakie kwenye basi aje kabla ya mwisho wa mwezi, nafasi isije ikaenda kwa mtu mwingine. Maneno yako yalikuwa haya: "Wewe ndiye mjomba wake, na kazi yako ni kukagua. Nenda kakague." Basi nimekwenda, na nimekagua.

Lakini ilibidi nijifunze kwanza. Shati nalijua. Likifika mezani kwangu natazama kola, natazama tundu za vifungo, nalipindua ndani nje nione mshono wa kwapa, na kama kuna uzi umekimbia silipitishi hata kama meneja analia. Ndiyo maana kiwandani wananiita Bwana Kasoro. Picha lakini inakaguliwa wapi? Kwapa lake liko upande gani? Nikamwambia wifi yako tuzunguke mji, tuone kwanza za watu wengine, tusije tukamhukumu mtoto kwa ujinga wetu. Akakubali haraka kuliko nilivyotarajia. Baadaye niligundua alikuwa na viatu vipya vinavyotafuta pa kwenda.

Tulianza na lile jumba kubwa la sanaa lenye nguzo mbele, ambalo nimepita mbele yake miaka yote nikidhani ni mahakama. Ndani ni kimya, sakafu inang'aa, na viatu vya wifi yako vikaanza kulia. Kila hatua, nyii, nyii. Watu wazima walikuwa wakigeuka. Mlinzi akatufuata chumba hadi chumba, sijui alidhani tumeingia na mnyama.

Chumba cha kwanza kilikuwa na picha moja tu, kubwa kama mlango wa gereji, nyeusi tii kutoka pembe hadi pembe. Chini yake pameandikwa "Furaha". Tukaitazama. Wifi yako akasogea, akarudi nyuma, akasogea tena.

"Labda umeme ulikatika akiwa katikati ya furaha yenyewe," akasema, na si kwa sauti ndogo.

Mlinzi akageukia ukutani. Mabega yake yalikuwa yakitikisika.

Nikaona tutaaibika tukiendelea hivi, kwa hiyo nikawachunguza wenzetu wanafanyaje. Wana utaratibu wao, Dada. Mtu anasimama, anainamisha kichwa upande, anasema "Mmm." Anarudi nyuma hatua mbili, anakunja mikono, anasema "Aaa." Kisha anaondoka akiwa amechoka kama mtu aliyebeba gunia. Nikajaribu kwenye picha moja ya rangi zilizomwagikiana. Mmm yangu ilitoka nzuri mno, maana kijana mmoja na mchumba wake wakaja kusimama karibu yangu wakaniuliza naona nini hapo. Nikawaambia ukweli: pindo la kitambaa upande wa kushoto limekwenda kombo, na aliyelikunja alikuwa na haraka au alikuwa amegombana na mtu. Wakatazamana. Wakainama wote wawili kuangalia pindo. Yule binti akasema hajawahi kusikia picha ikielezwa kwa namna hiyo, na nilipoondoka nilimwacha anamweleza mwingine.

Kuanzia hapo nilitembea kifua mbele. Wifi yako anasema niliudhi.

Siku nyingine tulikwenda kule wanakofanyia kazi wachoraji wenyewe. Ni ghala la zamani lililokuwa likiwekwa chupa, karibu na reli. Ukuta wa nje wameupaka nyuso za watu kuanzia chini hadi paani, nyuso kubwa kiasi kwamba duka la simu lililo pale limetoboa mlango katikati ya kidevu cha bibi mmoja, na wateja wanaingia na kutoka bila wasiwasi. Tulikwenda kimyakimya, Chiriku asijue, kwa kuwa anayekagua haji na taarifa. Hatukumkuta. Tuliyemkuta ni jirani yake, bwana mmoja mrefu anayechora miguu. Miguu tu, Dada, kuanzia vidole hadi magoti. Ya wazee, ya watoto, iliyovaa ndala, iliyopasuka visigino. Wifi yako alizitazama picha zote kwa heshima, kisha akamwuliza nani alimuudhi kuanzia magotini kwenda juu.

Yule bwana hakukasirika. Alicheka, akatupa viti, akasema, "Mnamtafuta yule binti? Amekwenda kutengenezesha fremu. Yule akishika brashi hata umwite kula haitiki."

Pembe ya Chiriku ilikuwa imefunikwa shuka. Wifi yako alitaka kulifunua kidogo tu, kidogo hivi, na nikamkatalia, kwa sababu bidhaa ambayo haijamalizika haikaguliwi. Lakini niliona meza yake. Brashi zimeoshwa, zimekaushwa, zimepangwa kwa urefu juu ya kitambaa cheupe, sawasawa na unavyopanga vyombo vyako kabla daktari hajaingia. Nilisimama pale kidogo.

Sasa tufike kwenye Jumamosi, na ukae chini.

Jumamosi mchana ndipo yalipokuwa maonyesho yao, katika nyumba ya sanaa ya mama mmoja wa makamo anayevaa miwani miwili, mmoja puani na mwingine kichwani. Humu nitamwita Mama Miwani. Nilivaa koti langu la harusi ya binamu. Chumba cheupe, taa kali, watu wamevaa viatu vya kutisha, wameshika glasi za maji ya matunda na wanasema Mmm kila upande. Chiriku alikuwa mwisho wa chumba amezungukwa na watu, akatupungia mkono. Amekonda, sikufichi, lakini si kukonda kwa njaa. Nikamwonyesha ishara aendelee, tutajizungukia wenyewe.

Kwanza tukapita kwa bwana wa miguu. Salama. Tukapita kwa mwingine anayechora milango iliyofungwa. Salama. Tukafika ukuta wa mtoto wetu, wenye picha nne.

Kila picha ilikuwa na kidoti chekundu pembeni.

Dada, huelewi mpaka nikueleze. Kiwandani kwetu kidoti chekundu ni kasoro. Nabandika mimi mwenyewe, kwa mkono huu. Shati lenye kidoti chekundu haliendi dukani. Linatupwa kwenye kapu, linauzwa kwa kilo kwa watu wa gereji wafutie mikono. Nimebandika vidoti hivyo tangu Chiriku hajazaliwa. Nikaangalia nyuma: bwana wa miguu, hata kimoja. Bwana wa milango, hata kimoja. Mtoto wetu, vyote vinne. Nikajisemea, kumbe kuna mkaguzi aliyenitangulia, na amekata shauri.

Nikatafuta kasoro zenyewe. Ya kwanza ni chumba cha kusubiria wagonjwa, benchi refu, watu wamekaa na kadi zao mkononi. Nikahesabu vidole vya kila mtu, vilikuwa sawa. Ya pili ni taulo limeanikwa. Ya tatu ni kikongwe amejifanya hasikii, na kama si Mama basi ni pacha wake. Ya nne ilikuwa kubwa kuliko zote. Mwanamke yuko jikoni, mikono imejaa povu la sabuni, kichwa amekitupa nyuma, anacheka. Anacheka mpaka macho yamefumba, meno yote nje na pengo lake. Sikumjua. Wifi yako naye hakumjua; alisema labda ni jirani yao mmoja wa ghalani. Nikamtazama kwa makini yule mama, mshono kwa mshono, nikaona hana kasoro yoyote, ana raha zake tu, na hasira ikanipanda. Nani huyu aliyembandika kidoti mtu anayecheka?

Hapo nikajua ulikuwa umesema kweli, kwamba mtoto amepoteza muda na itabidi nimpakie kwenye basi. Sawa. Lakini aondoke kwa heshima yake. Si mbele ya watu wa viatu vile. Nikamwambia wifi yako asimame nyuma yangu na apanue gauni, nikavibandua vidoti vyote vinne, kimoja baada ya kingine, kwa ukucha, taratibu, bila kuharibu rangi ya ukuta. Kazi safi kabisa. Na mkono, kwa mazoea ya kazini, ukavibandika kwenye mkono wa koti, maana ndivyo tunavyofanya tusivipoteze. Wala sikujiona.

Kisha nikaenda kunywa maji ya matunda nikiwa na dhamiri safi.

Haikuchukua muda. Nikasikia sauti zinapanda kwenye ukuta wetu. Kulikuwa na daktari wa meno, mtu mnene mwenye tai, na mwanamke mmoja wakili, mwembamba, kila mmoja ameweka mkono kwenye fremu ya yule mama anayecheka.

"Mimi nimemnunua huyu tangu asubuhi!" anasema daktari. "Nilitoka tu kumfuata mke wangu aje amwone!"

"Umemnunua vipi na hana alama?" wakili anamjibu. "Nimeuliza, nimeambiwa yuko huru, na alama yangu hii hapa bado haijakauka gundi."

Mama Miwani ametoa miwani yote miwili. Anaapa alibandika kidoti cha daktari kwa mkono wake mwenyewe. Karani wake anaapa hakukiona. Daktari anaeleza kwamba anamtaka yule mama kwa ajili ya chumba chake cha kusubiria, wagonjwa waone mtu anayeweza kufungua mdomo bila woga. Wakili anasema yeye ndiye mwenye shida zaidi, kwa kuwa wateja wake wote huingia ofisini wakilia.

Nilisogea nisikie vizuri. Nikamwuliza bwana wa miguu, kwa kunong'ona, hivi kile kidoti chekundu maana yake nini.

"Kwamba picha imeuzwa," akasema. "Mimi sijapata hata kimoja. Binti yenu alimaliza ukuta mzima kabla ya saa sita."

Dada, nilitaka kuingia ndani ya picha ya milango na kufunga. Nikainua mkono kujifuta jasho. Hilo ndilo kosa. Mama Miwani akauona mkono, akavaa miwani ya kwanza, akavaa na ya pili juu yake, akanisogelea.

"Mzee, samahani," akasema. "Na wewe umeshanunuliwa? Tena mara nne?"

"Huyu?" akadakia wifi yako. "Zamani sana, na aliyemnunua amekosa pa kumrudisha."

Nilisimama mbele ya watu wote wale nikaeleza habari ya mashati. Kola, kwapa, kidoti, kapu, mafundi wa gereji. Nilieleza kila kitu kwa sababu ukweli ulikuwa umebandikwa kwenye koti langu. Walinisikiliza mpaka mwisho, halafu chumba kizima kikaangua kicheko. Daktari alicheka ameshika tai. Wakili alicheka akaachia fremu. Na Chiriku, aliyekuwa amekuja mbio akidhani kuna ugomvi, akatupa kichwa nyuma, akafumba macho, meno yote nje, akacheka mpaka akakaa sakafuni.

Nikamtazama yeye. Nikatazama ukutani. Kile kicheko kilikuwa kilekile.

"Chiriku," nikasema, "huyu ni nani?"

Akaacha kucheka. "Mjomba, kweli humjui? Huyo ni mama."

"Mama yako hacheki hivyo."

"Alikuwa anacheka hivyo," akasema. "Jikoni, akiosha vyombo, baba alipokuwa hai, akimwimbia."

Mimi ni mtu mzima na nilikuwa na koti la harusi, lakini sikuweza kujizuia. Nililia pale pale, mbele ya daktari wa meno. Nikaenda nikakibandua kidoti cha wakili pia, nikasimama mbele ya picha, nikanyoosha mikono yote miwili, nikawaambia waheshimiwa, mtanisamehe, huyu ni dada yangu na dada yangu hauzwi.

Wakili akasema kisheria sina mguu wa kusimamia. Wifi yako akamwonyesha ukuta wa bwana wa miguu, akamwambia achague. Na kweli alichagua, akanunua wa mzee mwenye ndala, kwa hiyo bwana yule amepata kidoti chake cha kwanza na amenikumbatia mara mbili. Mama Miwani alinung'unika mpaka Chiriku mwenyewe alipomwambia kwamba hataki kuiuza, kwamba tangu asubuhi moyo ulikuwa ukimuuma lakini aliona haya kusema. Daktari akaridhika na picha ya benchi, ambayo aliyeinunua asubuhi alikubali kumwachia. Anakusalimu, na anasema siku ukifika atakuziba lile pengo bure. Nimekataa kwa niaba yako, maana hutafanana tena.

Watu walipopungua, tulikaa naye kwenye ngazi za mbele, mimi na yeye.

"Umetumwa kunichukua, eh?" akaniuliza.

Nikamwambia ndiyo. Siwezi kumdanganya mtoto yule, ana macho yako.

Kisha akasema, "Mama akiniita nitakwenda, Mjomba. Sitambishia. Nitakaa kwenye hiyo bohari."

Alisema kweli, Dada. Sikuona ukaidi hata kidogo. Ukimwita atakuja, ataoga, atavaa koti jeupe, atahesabu chupa za dawa, na hatakosea hata moja. Nikamwuliza, kama ni hivyo, kwa nini ujisumbue kumchora mama yako, na kila akikupigia simu mnagombana?

"Kwa sababu hiyohiyo," akasema. "Siku hizi sauti yake ninayoijua ni ya kugomba tu. Nikaona nimchore kabla sijasahau."

Picha iko kwangu kwa sasa. Tumeitundika sebuleni, juu ya mashine yangu ya kushonea, na nimepima kwa kamba mara tatu isikae upande. Wifi yako anakupa habari za asubuhi kabla ya kunipa mimi. Mimi nikinywa chai nakutazama, na kila siku najiuliza jambo moja. Mtoto aliogopa asije akasahau, akafanya kitu. Mimi ni ndugu yako wa tumbo moja, nilikaa nyumba moja na kicheko hicho mpaka ulipoolewa, na nilisimama mbele yake nisikitambue. Mimi nilikuwa nimeshasahau, Dada, na sikujua kwamba nimesahau. Wewe je, unakikumbuka?

Kwa hiyo ukaguzi wangu ni huu. Ile nafasi ya bohari wampe mtu mwingine, yuko mwenye kuihitaji. Simpakii mtoto kwenye basi. Nawe usimwite, maana atakuja. Panda basi wewe. Maonyesho yatakuwepo mpaka mwisho wa mwezi, na Chiriku hajui kwamba nimekuandikia hivi.

Msalimie Mama, umwambie ametundikwa ukutani na watu wanamsifu, hilo atalisikia. Msalimie Kaka Mkubwa na mkewe, mapacha wao, na yule binamu yetu wa redio, mwambie koti la harusi yake limepata umaarufu. Wifi yako anakubusu mashavu yote mawili na anauliza ukija utapenda kulala upande wa dirisha au wa mlango.

Mwenyezi Mungu akupe afya, akutulizie goti, na amlainishe mganga mkuu wako akupe likizo.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye na kukuogopa kidogo,

Bwana Kasoro